Mstari Unaopita Katikati ya Barabara: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Maeneo ya Kupigia Kura British Columbia

Tangu mkoa wa British Columbia, Kanada, ufanye uchaguzi wake tarehe 19 Oktoba 2024, na hasa baada ya uchaguzi wa bunge la shirikisho wa tarehe 28 Aprili 2025, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii kutoka kwa wasomaji wanaoishi Surrey, Burnaby na New Westminster zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: ni nani anayeamua kwamba nyumba hii ipige kura hapa na ile ipige kule? Nimechagua barua saba na kuzifupisha bila kubadili maana.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, kwa sababu barua hizi zilinipa shida hapo hapo mwanzoni. Msomaji aliyekulia Goma au Bukavu akisema "jimbo" anamaanisha kile ambacho Mtanzania angekiita mkoa, naye Mtanzania akisema "jimbo" anamaanisha sehemu inayomchagua mbunge mmoja, ambayo Mkenya huiita eneo bunge. Humu nitaandika *mkoa* kwa British Columbia nzima, na *jimbo la uchaguzi* kwa kila moja ya sehemu 93 zinazochagua wabunge wa bunge la mkoa. *Eneo la kupigia kura* litakuwa kile kipande kidogo ndani ya jimbo, mitaa michache au hata jengo moja refu la ghorofa, na *kituo* ni nyumba yenyewe unayoingia kupiga kura. Eneo na kituo ni vitu viwili, na lawama nyingi zilizomo kwenye barua hizi zimetokana na kuvichanganya.

SWALI: Mimi na jirani yangu tunatenganishwa na barabara tu. Katika uchaguzi wa shirikisho wa 2025 kadi yangu ilinielekeza kwenye ukumbi wa shule iliyo karibu, lakini yake ilimpeleka kanisani, mbali zaidi, ingawa karatasi zetu za kura zina wagombea wale wale. Nani aliukata mstari huo, na kwa kipimo gani? (Msomaji wa kike, Surrey)

JIBU: Dada yangu, mstari huo haukuwekwa na bunge wala na ile tume inayochora mipaka ya majimbo. Ni kazi ya ofisini, inayofanywa na mamlaka ya uchaguzi na wasimamizi wake wa kila jimbo, na haina kikao cha hadhara. Kwa uchaguzi wa shirikisho sheria inataka kila eneo la kupigia kura liwe na wapigakura wasiopungua 250, isipokuwa pale penye sababu maalumu iliyokubaliwa. Katika uchaguzi wa mkoa kazi hii inafanywa na ofisi ya uchaguzi ya mkoa yenyewe, ambayo ni chombo kingine kabisa chenye ramani zake.

Mchoraji anaanza na anwani. Mbele yake ana barabara zilizokatwa vipande vipande, kuanzia njia panda moja hadi nyingine, na kila kipande kina upande wa kushoto na upande wa kulia: huku nyumba za namba shufwa, kule za namba witiri. Anaunganisha vipande hivyo mpaka afikie idadi ya wapigakura anayoitaka, akijitahidi kusimama kwenye kitu ambacho kila mtu anaweza kukiona, kama mto, reli au barabara kuu. Barabara inapokuwa ndiyo mpaka, mstari hupita katikati yake, na hivyo ndivyo ninyi wawili mlivyojikuta kwenye orodha mbili tofauti.

Binafsi naona barabara ndogo ya makazi ni mpaka mbaya. Watu wa barabara hiyo wanafahamiana kwa sura, watoto wao wanakwenda shule pamoja, na wakisikia kuwa kura inapigwa shuleni wote wataelekea shuleni. Ingekuwa afadhali mstari upite nyuma ya nyumba, au kwenye bustani ya umma, au kwenye barabara ya magari mengi ambayo hata sasa watu hawaivuki bila kuwa na shughuli maalumu.

Hata hivyo, mstari pekee haukumpeleka jirani yako kanisani. Baada ya kukata maeneo, msimamizi hutafuta majengo, na hapo mambo hugeuka. Anataka jengo lenye mlango unaopitika kwa kiti cha magurudumu, maegesho, taa za kutosha jioni, na mwenye jengo aliye tayari kulitoa siku hiyo. Maeneo kadhaa huwekwa kwenye jengo moja, kila moja likiwa na orodha yake. Ukumbi wa shule ukijaa, eneo linalobaki hupelekwa kwenye jengo la pili hata kama liko mbali zaidi. Kwa hiyo mkilalamika, lalamikeni kuhusu jengo kwanza, kwa sababu jengo ni rahisi kubadilishwa kuliko mstari.

Niliwahi kufanya kazi ya siku moja kwenye meza ya kituo, na siku hiyo alikuja mzee mmoja, kofia ya sufu imelowa mvua, kadi yake ameikunja mara nne ndani ya mfuko wa koti. Aliifungua polepole, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja. Orodha yangu ilikuwa na nyumba za namba witiri za barabara yake, na nyumba yake ilikuwa ya namba shufwa. Kadi ilikuwa sahihi na yeye ndiye aliyekosea jengo, akifuata majirani. Nilimwelekeza kwenye jengo la pili, mwendo wa dakika kumi na tano hivi kwa kijana. Aliishukuru meza nzima, akatoka. Sikujua kama alifika, na jambo hilo halijanitoka moyoni hadi leo.

SWALI: Nilipokuwa Kenya nilijiandikisha kwenye kituo nilichokitaka mwenyewe, na hapo ndipo nilipopiga kura. Mbona huku hawaniulizi? (Msomaji wa Burnaby)

JIBU: Kwa sababu njia zinaanzia pande mbili tofauti. Kenya mpigakura hufungamana na kituo alichoandikishwa, na kituo kikizidi watu 700 hugawanywa kwa kufuata alfabeti ya majina, ndiyo maana ndugu wawili wenye majina tofauti hujikuta kwenye foleni mbili ndani ya uwanja mmoja wa shule. Kanada mpigakura hufungamana na anwani ya nyumba anayolala. Ukihama hata mtaa wa pili, eneo lako linaweza kubadilika, na usipotoa taarifa orodha itaendelea kukuweka ulikotoka.

SWALI: Ninapanga sehemu ya chini ya nyumba ya familia moja. Juu wanaishi watu sita, chini tuko wanne, na nyumba ina namba moja tu. Mara mbili sasa kadi za kura zimekuja za watu wa juu peke yao. Je, kwenye ugawaji huu sisi tunahesabiwa? (Baba wa familia, Surrey)

JIBU: Swali lako, kaka, ndilo lililonifanya nitake kuandika makala hii, kwa hiyo univumilie nikijibu kwa kirefu.

Kuna hesabu mbili, na hazihesabu watu wale wale. Mipaka ya majimbo 93 inachorwa kwa kutumia idadi ya *watu wote*: watoto wachanga, wanafunzi wa kigeni, wakimbizi wanaosubiri karatasi zao, wazee, kila mtu. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 5,000,879 katika mkoa huu. Gawanya kwa 93, unapata karibu watu 53,800 kwa jimbo, na sheria inaruhusu jimbo kupungua au kuzidi kiwango hicho kwa asilimia 25, yaani kutoka takriban watu 40,000 hadi 67,000, isipokuwa pale penye hali ya kipekee kabisa. Katika hesabu hii ninyi wanne mmo, iwapo tu mlijaza fomu ya sensa au mtu wa juu aliwaandika.

Eneo la kupigia kura, kwa upande mwingine, hupimwa kwa *wapigakura*: raia wa Kanada waliofikisha miaka 18, na kwa uchaguzi wa mkoa wawe wameishi British Columbia miezi sita iliyotangulia. Mtaa wenye wageni wengi unaweza kuwa umejaa watu na bado ukaonekana mtupu kwa macho ya mchoraji wa maeneo. Kwa kuwa unaonekana mtupu, anaunyoosha mstari ufike mbali zaidi ili idadi itimie, na matokeo yake ni kwamba raia wachache wa mtaa huo, ambao mara nyingi ndio wasio na gari, wanapewa kituo kilicho mbali kuliko wenzao wa mtaa wa wenye nyumba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni hesabu tu, lakini mzigo wake unamwangukia yule yule.

Sasa ongeza suala la sehemu ya chini ya nyumba. Miji hii imejaa makazi kama yenu, na mengi hayana namba yake. Ikiwa hati zako zote, leseni, barua za kodi, kadi ya hospitali, zimeandikwa namba ya nyumba bila kitu kinachoonyesha kuwa ni sehemu ya chini, orodha itawaona ninyi na watu wa juu kama kaya moja, na mtu mmoja akihama bila taarifa kila kitu huvurugika. Ofisi ikituma barua ya kuthibitisha wakazi, huokotwa na wa juu, ambaye huenda akaitupa.

Nakushauri mambo mawili. Mwombe mwenye nyumba akubali mtumie alama moja ya kudumu kwenye anwani, iwe herufi B au neno la kuonyesha sehemu ya chini, na muiandike hivyo hivyo kila mahali, bila kubadilisha leo hivi kesho vile. Kisha kila raia kati yenu ajiandikishe mwenyewe, si kwa kupitia baba wa nyumba. Uandikishaji wa mkoa na wa shirikisho unaweza kufanywa mapema au siku ile ile kituoni, ukiwa na hati za kukutambulisha na za makazi, na asiye na hati kamili anaweza kuthibitishiwa na mpigakura mwingine anayekubalika kisheria. Lakini kujiandikisha siku yenyewe hakumsaidii mchoraji wa maeneo, kwa sababu yeye alishachora miezi kadhaa kabla. Anayejiandikisha mapema anaongeza kichwa kimoja kwenye mtaa wake wakati bado kichwa hicho kinaweza kuusogeza mstari.

SWALI: Nasikia mipaka hukatwa makusudi ili chama fulani kishinde. Je, haya maeneo madogo nayo yanaweza kutumika hivyo? (Mwanafunzi wa chuo, Vancouver)

JIBU: Maeneo madogo yenyewe hayabadilishi mshindi, kwa sababu kura zote za jimbo hujumlishwa pamoja. Ukihamisha nyumba kumi kutoka eneo moja hadi jingine ndani ya jimbo lile lile, jumla haisogei. Hatari iko kwingine: matokeo ya eneo kwa eneo yanamwonyesha mkata majimbo ni mtaa upi unapenda chama kipi.

Mkoa huu una kumbukumbu yake ya jambo hilo, na wakazi wa zamani wa Vancouver bado wanalitaja. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mipaka ilipochorwa upya, jimbo la Vancouver-Little Mountain, alikotoka waziri Grace McCarthy wa chama cha Social Credit, liliongezewa ukanda mwembamba uliochomoza pembeni na kuingiza mitaa iliyokiunga mkono chama chake. Watu waliuita Kidole cha Gracie. Ukanda wa namna ile haupatikani kwa kubahatisha. Anayeuchora anahitaji kujua mtaa kwa mtaa kura zilikwendaje, na chanzo kikuu cha ujuzi huo ni matokeo ya maeneo ya kupigia kura.

Kulikuwa na ubaya wa pili uliokuwa mkubwa zaidi, ingawa haukuwa na jina la kuvutia. Majimbo yalitofautiana mno kwa idadi ya watu: Atlin, kaskazini kabisa, lilikuwa na watu wasiofika 6,000, na Surrey-Newton zaidi ya 68,000, huku mkazi wa Surrey akiambiwa kuwa kura yake ni sawa na ya mwenzake. Mwaka 1989, katika kesi iliyofunguliwa na raia aitwaye Dixon, Jaji Beverley McLachlin, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Kanada, aliamua kwamba tofauti kubwa kiasi hicho inavunja haki ya kupiga kura iliyomo kwenye katiba. Uchaguzi wa 1991 ulifanyika kwa majimbo mapya 75. Tangu wakati huo mipaka hutazamwa upya na tume huru ya watu watatu, akiwemo jaji au jaji mstaafu, baada ya kila uchaguzi mkuu wa pili, nayo husikiliza wananchi hadharani. Tume ya mwisho ilitoa ripoti yake mwaka 2023, na ndiyo iliyoongeza majimbo kutoka 87 hadi 93.

Utaniuliza kwa nini basi matokeo ya maeneo madogo yasifichwe kabisa. Mimi sikubaliani na wazo hilo. Matokeo yanayoonekana kwa vipande vidogo humwezesha mtu wa kawaida kugundua kosa: kituo ambacho kura zake zimezidi watu wake, au sanduku lililosahauliwa. Linalotakiwa ni eneo lisiwe dogo mno kiasi cha kufichua siri. Eneo likiwa na wapigakura ishirini na wote wakampigia mgombea mmoja, kila mmoja wao amejulikana. Kile kiwango cha watu 250 kwenye sheria ya shirikisho kinasaidia hapo, na ndiyo maana matokeo ya maeneo yenye kura chache sana huunganishwa na ya jirani.

SWALI: Katika uchaguzi wa mkoa wa 2024 nilipiga kura karibu na kazini kwangu, wala si mtaani kwangu, na walinikubali. Ikiwa ninaweza kupiga kura popote, maeneo haya yana kazi gani tena? (Muuguzi, New Westminster)

JIBU: Ni kweli, dada. Uchaguzi wa 2024 ndio uliokuwa wa kwanza wa mkoa mzima kutumia daftari la kielektroniki lililounganishwa kati ya vituo, pamoja na mashine za kuhesabia kura, na mpigakura aliweza kwenda kituo chochote ndani ya mkoa. Kura yako ilihesabiwa katika jimbo lako la nyumbani, si jimbo la kazini. Kwa mtu wa zamu kama wewe ni nafuu kubwa, na usisahau kwamba vituo vya mkoa hufunguliwa saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, na kwamba mwajiri anawajibika kukuachia saa nne mfululizo za kupiga kura ndani ya muda huo ikiwa zamu yako inazibana.

Hata hivyo, msichanganye na uchaguzi wa shirikisho. Siku yenyewe ya uchaguzi wa shirikisho unapaswa kwenda kituo ulichopangiwa. Nimepata barua tatu za watu waliorudishwa Aprili 2025 kwa kudhani kuwa utaratibu wa Oktoba unaendelea.

Maeneo bado yana kazi, tena kubwa, ila imejificha. Ofisi ikitaka kujua iweke vituo vingapi Surrey na vipi viwe wapi, iajiri wafanyakazi wangapi, iandae karatasi ngapi, inaanza na hesabu ya kila eneo. Ikikosea hapo, foleni inazunguka jengo mara mbili, na kuna watu hutazama foleni hiyo na kurudi nyumbani. Katika jimbo la Surrey-Guildford mwaka 2024, baada ya kura kuhesabiwa upya mbele ya jaji, tofauti kati ya mshindi na aliyemfuata ilikuwa kura 22, na ushindi huo ndio uliokipa chama cha New Democratic Party (NDP) viti 47 kati ya 93, yaani wingi wa kiti kimoja. Mwaka 2017 jimbo la Courtenay-Comox liliamka na tofauti ya kura 9, kabla ya kura zilizobaki kuhesabiwa na tofauti kufikia 189. Watu 22 ni wakazi wa ghorofa mbili tatu za jengo moja. Wanaweza kabisa kuwa wale walioona kituo kiko mbali, mvua inanyesha, wakasema basi.

SWALI: Mwanangu anafundisha Haida Gwaii. Huko kijiji kimoja na kingine vinatenganishwa na maji. Mnagawaje maeneo penye watu wachache namna hiyo? (Mama, Coquitlam)

JIBU: Haida Gwaii ni visiwa vya kaskazini, na kaskazini ramani hudanganya. Kijiji cha Sandspit kiko kwenye kisiwa cha Moresby na Skidegate kiko kwenye kisiwa cha Graham. Ukiweka rula juu ya karatasi vinatazamana, lakini anayetoka kimoja kwenda kingine anasubiri feri. Mchoraji anayepima kwa mstari ulionyooka angewaunganisha, na mpigakura wa Sandspit angehitaji kujua ratiba ya chombo, na kuomba bahari itulie, ili apige kura. Mama, jibu ni kwamba huko kipimo cha idadi inabidi kilegezwe na kipimo cha safari kitangulie: eneo dogo lenye watu wachache, kituo chake chenyewe, na kura ya posta kwa waliobaki mbali zaidi.

Kuna jambo la haki pia, na silipiti kimya. Wenyeji wa asili wa mkoa huu hawakuruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa mkoa hadi mwaka 1949, na wale waliosajiliwa chini ya sheria iitwayo Indian Act (Wenyeji hao wa asili, si watu wa India) walipata kura ya shirikisho bila masharti mwaka 1960 tu. Jamii iliyofungiwa nje kwa miaka yote hiyo, ikaruhusiwa kuingia, kisha ikaambiwa kituo chake kiko kwenye mji wa ng'ambo ambako wazee wake hawakuwahi kupokewa vizuri, itasoma ujumbe huo kwa namna yake. Penye kijiji cha Wenyeji, kituo kiwe kijijini, kwenye ukumbi wao, na wafanyakazi wake watoke miongoni mwao.

SWALI: Tumekubaliana, watu wa jengo letu, kwamba kituo chetu hakitufai. Tuandike kwa nani, na tuandike nini? (Kamati ya wapangaji, Burnaby)

JIBU: Kwanza jueni ni ramani ipi mnayoilalamikia. Jengo moja lina mwakilishi katika bunge la mkoa, mwingine katika bunge la shirikisho, ambako mkoa huu sasa una viti 43, na halmashauri ya jiji nayo ina utaratibu wake. Kila ngazi ina mchoraji wake, na barua iliyopelekwa kwa mchoraji asiyehusika itakaa tu mezani. Kama ni kituo cha mkoa, andikeni kwa ofisi ya uchaguzi ya mkoa iliyoko Victoria. Kama ni cha shirikisho, kwa mamlaka ya shirikisho au msimamizi wake wa jimbo lenu. Msingoje uchaguzi utangazwe, maana wakati huo majengo yameshakodishwa.

Msiandike kwamba mmeonewa. Andikeni anwani ya jengo, idadi ya nyumba zilizomo, na wangapi kati yenu ni raia waliojiandikisha. Mpeni msomaji safari yenyewe: dakika ngapi kwa miguu kwa mtu mwenye mkongojo, vilima viko wapi, basi namba ngapi na linapita kila baada ya muda gani Jumamosi, maana uchaguzi wa mkoa wa 2024 uliangukia Jumamosi. Elezeni kama kuna wanaohitaji mtu wa kuwatafsiria, ambao sheria inawaruhusu kuja naye. Kisha pendekezeni jengo jingine lenye mlango mpana, na mseme mmeshazungumza na mwenyewe na amekubali.

Jengo lenu likiwa na wapigakura wengi, ombeni pia kituo kiwekwe humo humo, kwenye chumba cha mikutano cha chini. Kamati yenu imenitumia picha ya chumba hicho. Nimeona ngazi mbili mlangoni. Mwombeni mwenye jengo aweke ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu kabla hamjaandika barua, kwa sababu ngazi hizo mbili ndizo atakazoziona kwanza mtu atakayetumwa kukagua.